Habari ya Bibokoboko Inaanzia Tarehe Gani?

Katikati ya Oktoba 2021, Bibokoboko, kijiji cha milimani katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na vijiji vinavyokizunguka vilishambuliwa. Nyumba zilichomwa moto, na watu wakateremka mlimani kwenda mji wa Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, au wakajibanza karibu na kambi ya jeshi. Hayo ndiyo ya msingi. Kilichofuata ni usimulizi, na hapo ndipo njia zilipogawanyika.

Anayefuatilia habari za nyanda za Fizi kwa muda mrefu anajua kwamba husimuliwa kwa sura tatu. Sura ya kwanza ni ya mapigano ya kikabila: wafugaji na wakulima, chuki za tangu zamani, pande mbili zenye makosa sawa kwa sawa. Ya pili inasema jamii moja, Banyamulenge, inawindwa ili iishe. Ya tatu inasema wenyeji wanailinda ardhi yao dhidi ya wageni na wale wanaowatuma kutoka ng'ambo ya mpaka. Waandishi watatu wanaweza kuziandika sura hizo bila hata mmoja wao kutamka uongo. Kila mmoja anaokota ukweli unaomfaa na kuuacha mwingine njiani. Msikilizaji wa Uvira, wa Kinshasa au wa Dar es Salaam anabaki na Fizi tatu ambazo hazijuani.

Mwongozo huu ni wa msikilizaji huyo. Haukusudii kumwambia nani ana haki Bibokoboko. Unataka kumwonyesha vichochoro ambavyo upendeleo hupitia, maana ule wa hatari hauhitaji kusema uongo. Mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, Robert Entman, aliuelezea mwaka 1993: mwandishi anachagua vipande vichache vya tukio na kuvisogeza mbele, na kwa uchaguzi huo anakuwa ameshaamua tatizo ni nini, limeletwa na nani, nani wa kulaumiwa na dawa yake ni ipi. Ni kazi ya fremu ya picha. Haiongezi kitu ndani ya picha, ila inaamua nani abaki na nani akatwe.

Anza na kalenda

Ukiweza kuiuliza habari ya siasa swali moja tu, iulize imeanzia siku gani.

Mwandishi akianza na Oktoba 2021, waliochoma Bibokoboko ndio chanzo cha kila kitu. Akianza na mwaka 2019, ataingiza mapigano ya Bijombo, Minembwe na Itombwe, ambako vijiji vya Banyamulenge, vya Bafuliru, vya Banyindu na vya Babembe viliteketezwa kwa nyakati tofauti. Ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo ya mwaka 2020 iliandika makosa ya makundi ya silaha ya Mai-Mai, na ikaandika ya Twirwaneho na Gumino, makundi ya Banyamulenge, vilevile. Akirudi nyuma hadi siku za mwisho za Desemba 1998, atafika Makobola, mpakani mwa Fizi na Uvira, ambako zaidi ya watu 800 waliuawa na jeshi la waasi wa RCD pamoja na askari wa Rwanda na Burundi. Akirudi hadi Septemba 1996, atafika Baraka yenyewe na Lueba, ambako mamia ya Banyamulenge waliuawa na wapiganaji wa Kibembe wakisaidiwa na jeshi la Zaire. Akitaka anaweza kuteremka hadi uasi wa Simba wa miaka ya 1960, na huko pia atakuta damu.

Mzee wa ufukoni akiitaja Makobola, anasema kweli. Mzee wa mlimani akiitaja Baraka ya 1996, naye anasema kweli. Redio inayompa maikrofoni mmoja wao tu imeshatoa hukumu kabla ya shahidi wa pili kufika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tarehe zote mbili zimo ndani ya kitabu kimoja. Ni ile ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, yenye kurasa zaidi ya 500 na matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Jinsi vyombo vya habari vilivyoipokea ripoti hiyo ni funzo tosha. Mwishoni mwa Agosti 2010 rasimu yake ilivuja, gazeti la Le Monde la Ufaransa likaiandika, na dunia nzima ikashika neno moja tu: kama waliyotendewa wakimbizi wa Kihutu na jeshi la Rwanda na washirika wake yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Rwanda ikatishia kuwaondoa askari wake wa kulinda amani Sudan. Toleo la mwisho likaja na maneno ya tahadhari zaidi, na magazeti yakajadili tahadhari hiyo. Swali lenyewe lilikuwa zito na lilistahili kuulizwa. Lakini kelele za neno moja zilifunika mamia ya matukio mengine, na watu wa Makobola na wa Lueba, waliokuwa wakisubiri kuona majina ya vijiji vyao kwenye karatasi rasmi, hawakupata hata mstari katika taarifa nyingi za habari za wiki hizo.

Kwa hiyo, ukisikiliza taarifa, andika pembeni ya daftari tarehe ya kwanza inayotajwa. Kisha tafuta tarehe ambayo upande wa pili ungeanza nayo. Kama taarifa haina tarehe nyingine zaidi ya "jana usiku," hiyo nayo ni fremu, na ina nguvu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1991 Shanto Iyengar alichapisha utafiti wake kuhusu televisheni za Marekani. Aligundua kwamba watazamaji wanaoonyeshwa tukio mojamoja huelekea kumlaumu mtu aliyeonekana kwenye tukio, na wanaoonyeshwa hali pana iliyolizaa hugeuka kuwauliza wenye mamlaka. Ilete hoja hiyo Fizi. Habari ya jana usiku humfanya jirani kuwa chanzo cha balaa. Habari inayogusa sheria za uraia za 1972, 1981 na 2004, au azimio la bunge la mpito la 28 Aprili 1995 lililotaka kuwarudisha "kwao" watu waliohesabiwa kuwa wakimbizi na wahamiaji wa Rwanda na Burundi, humfanya msikilizaji aiulize Kinshasa iliwezaje kucheza na uraia wa watu kwa miaka yote hiyo. Si ajabu kwamba wanasiasa wanapendelea ile ya kwanza.

Kitenzi kinachomficha mtu

Kiswahili kina utajiri wa kutenda jambo bila mtendaji. Hebu tujaribu. Habari hizi mbili fupi zimetungwa kwa ajili ya zoezi, lakini mtindo wake utautambua mara moja.

Ya kwanza: "Mapigano yamezuka tena katika nyanda za Fizi. Nyumba kadhaa zimeteketea na watu wamehama. Mamlaka zinasema hali sasa ni shwari."

Ya pili: "Wapiganaji wenye silaha wamechoma nyumba za kijiji kimoja cha Fizi jana alfajiri, umbali usiofika mwendo wa saa moja kutoka kambi ya jeshi. Wakazi wanasema waliomba msaada na haukuja."

Tazama katika habari ya kwanza: mapigano yamezuka yenyewe kama moshi. Nyumba zimeteketea, na hakuna aliyeshika kiberiti. Watu wamehama, neno lilelile linalotumika kwa mpangaji aliyebadilisha chumba. Halafu anakuja msemaji, naye peke yake ndiye mwenye kitenzi cha mtu mzima: anasema. Habari ya pili ina watendaji, ina saa, ina umbali, na ina swali kwa jeshi. Lakini nayo usiimeze haraka. Wapiganaji gani? Wakazi wangapi wamehojiwa, na wa jamii gani? Kambi ilikuwa na askari wangapi siku ile?

Zoezi lenyewe ni jepesi. Kila ukikutana na kitenzi cha kuzuka, kutokea, kulipuka, kuteketea au kupoteza maisha, kigeuze kiwe cha kutenda na uulize: nani? Ukipata jibu mahali pengine katika habari, vizuri. Usipolipata, jua kwamba ama mwandishi hakujua, ama alijua akaogopa. Katika eneo lenye makundi ya silaha kila upande wa barabara, hofu hiyo haistahili dharau. Ila msomaji anapaswa kuijua ipo.

Kuna msemo mmoja wa magazeti ya Afrika Mashariki ambao ungestahili kustaafishwa: "wananchi wenye hasira kali." Unatumika Mwanza, unatumika Kisumu, na umeshavuka Ziwa Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 2021, huko Lueba, kwenye barabara ya ufukoni, Meja Joseph Kaminzobe wa jeshi la taifa, FARDC, Mnyamulenge, aliteremshwa kwenye msafara wa jeshi lake mwenyewe, akauawa, na mwili wake ukachomwa. Tukio kama hilo ukilieleza kwa msemo ule, wauaji wanageuka kuwa wananchi, kosa linageuka kuwa hisia, na marehemu ndiye anayebaki na la kujibu: alifanya nini hata wakakasirika hivyo?

Jina ni hukumu

Kijana mwenye bunduki katika milima ya Fizi anaweza kuitwa Mai-Mai, mwasi, mwanamgambo, kijana wa kujilinda au Mzalendo, na bunduki yake ikabaki ileile. Septemba 2017, wapiganaji wa William Amuri Yakutumba walipokaribia kuuteka mji wa Uvira, serikali iliwaita waasi na helikopta za MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, zikawashambulia. Baada ya vita vya waasi wa M23 kupamba moto na jina la Wazalendo kupata baraka za Kinshasa mwaka 2023, Yakutumba naye akahesabiwa miongoni mwa Wazalendo. Upande wa pili mambo ni hayohayo. Twirwaneho ni jina la kujilinda, na waliolianzisha walitaka liwe hivyo. Kiongozi wake, Michel Rukunda aliyejulikana kama Makanika, alikuwa kanali aliyetoroka jeshi la taifa, akauawa Februari 2025 kwa shambulio la ndege isiyo na rubani. Siku chache baadaye kundi lake lilitangaza kuungana na M23. Redio ipi iliendelea kuliita la kujilinda, na ipi ililiita la waasi, hilo peke yake linakuambia studio iko wapi.

Ukisoma, ondoa jina la sifa uweke maelezo makavu: "watu wenye silaha wa kundi la fulani." Habari ikisimama bila kupepesuka, ilikuwa na mwili. Ikianguka, ilikuwa ikibebwa na jina.

Neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote katika siasa za Kivu Kusini ni "balkanisation," yaani nchi kukatwa vipande. Kisa cha Minembwe kinaonyesha linavyofanya kazi. Juni 2013 serikali ilitoa amri zilizounda miji na komuni nyingi kwa mkupuo sehemu mbalimbali za nchi, na Minembwe, huko juu katika teritwari ya Fizi, ikawemo. Hakukuwa na gumzo kubwa. Tarehe 28 Septemba 2020, waziri wa ugatuzi Azarias Ruberwa, mwenyewe Mnyamulenge, alipanda Minembwe kumsimika meya wa komuni hiyo, na balozi wa Marekani, Mike Hammer, akawepo. Hapo moto ukawaka. Upande mmoja uliiita hatua ya kupeleka utawala karibu na wananchi. Upande mwingine ukaiona ni jiwe la kwanza la taifa jingine ndani ya Kongo. Siku 10 baadaye, tarehe 8 Oktoba, Rais Félix Tshisekedi alitangaza akiwa Goma kwamba anaifuta hatua hiyo na kuunda tume ya wataalamu.

Kati ya fremu hizo mbili kulikuwa na maswali ya kawaida kabisa ambayo mkazi wa Fizi alihitaji majibu yake. Mipaka ya komuni inapita wapi, na inakata ardhi ya machifu gani? Kodi ya soko italipwa kwa nani? Walioshauriwa ni akina nani, na walikataa au walikubali? Kwa nini komuni nyingine zilizoundwa kwa amri za mwaka ule hazikuzua zogo? Neno lenye uzito wa taifa zima likishatua mezani, maswali ya ukubwa huo huonekana madogo, na anayeyauliza huonekana msaliti au mbaguzi, kutegemea amekaa kwenye meza ipi. Ukisikia neno la namna hiyo, andika maswali yako madogo kabla hujalisahau hata moja.

Kongo inayoonekana kutoka mbali

Upendeleo hauko Baraka na Kinshasa tu. Mwaka 2012 mtafiti Séverine Autesserre aliandika katika jarida la African Affairs kwamba simulizi la kimataifa kuhusu Kongo lilikuwa limebanwa kwenye mambo matatu: chanzo cha vita ni madini, matokeo yake makuu ni ubakaji wa wanawake, na dawa yake ni kupanua mamlaka ya dola. Yote matatu yana ukweli. Ila yaliacha nje ugomvi wa ardhi, wa uchifu, wa uraia na wa malisho, yaani karibu kila kitu ambacho mkazi wa Bibokoboko angekitaja kwanza.

Fremu hiyo ilikuwa na bei, na bei ililipwa na watu ambao hawakuwahi kulisoma jarida hilo. Julai 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinayataka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani. Septemba mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa wachimbaji wadogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku ilidumu hadi Machi 2011. Katika miezi hiyo mchimbaji wa Misisi, kwenye dhahabu ya Fizi, kisheria hakuwa na kazi. Makundi ya silaha yalibaki. Mtu anaweza kuitetea sheria hiyo kwa sababu nzuri, na wapo wanaoitetea, lakini ilizaliwa ndani ya hadithi iliyokuwa fupi mno.

Mfano mwingine ni wa Baraka penyewe. Februari 2011, mahakama ya kijeshi inayohamahama ilikaa mjini hapo na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, ukiwemo ubakaji uliofanywa na askari mjini Fizi usiku wa mwaka mpya. Chini ya miezi miwili ilikuwa imepita tangu tukio. Mashirika ya kimataifa ya habari yaliripoti hukumu hiyo, lakini haikuweza kuibadilisha picha ya Kongo kama nchi isiyo na sheria hata kidogo, kwa sababu picha ilikuwa imeshakauka. Habari inayokwenda kinyume na fremu huingia kama ajabu ya siku moja, kisha mlango unafungwa.

Hata tarakimu zina mkao. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1981 kwamba mpango uleule wa kukabili ugonjwa unaotishia watu 600 ulipoelezwa kuwa utaokoa watu 200, asilimia 72 ya waliohojiwa waliuchagua. Ulipoelezwa kuwa watu 400 watakufa, waliouchagua walikuwa asilimia 22. Ukitajiwa idadi ya waliohama, waliouawa au ng'ombe walioporwa, uliza nani amehesabu, akiwa wapi, lini. Waliofika Baraka, karibu na barabara na ofisi za misaada, huhesabika kwa urahisi. Waliokimbilia msituni au mlima wa pili hubaki bila namba, na asiye na namba hasomwi kwenye taarifa ya saa moja.

Nani ameshika maikrofoni

Habari ya Bibokoboko kwa kawaida huanza kwa simu. Mtu aliye mlimani, mtandao ukimruhusu, anampigia mwandishi wa Baraka. Mwandishi anaipeleka redioni au Bukavu, Bukavu inaipeleka Kinshasa, Kinshasa inaifikisha Paris au London, na jioni inarudi Baraka kwa Kiswahili safi cha idhaa ya nje ikiwa imepoteza nusu ya majina. Kila kituo kimeikata kidogo. Pia kila kituo kina mwenyewe.

Kujua mwenyewe ni nani si kazi ngumu. Radio Okapi ilizinduliwa tarehe 25 Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, na inatangaza kwa lugha tano. Ni ya kutegemewa kwa mengi. Pale Umoja wa Mataifa wenyewe unapolaumiwa, ni busara kutafuta sauti ya pili. RTNC ni ya serikali. Redio nyingi za binafsi na za jamii zina mwanasiasa, kanisa au mfadhili nyuma ya pazia. Waandishi wengi wanalipwa kidogo mno au hawalipwi kabisa, na mwandalizi wa mkutano huwapa nauli yenye ladha ya shukrani. Kongo wanaiita "coupage," Tanzania wanaiita bahasha. Ukisikia habari ndefu ya semina ambayo haikuwa na jipya lolote, nauli hiyo inawezekana ilitoka.

Kisha kuna mkono wa dola. Desemba 2012, matangazo ya Radio Okapi yalikatwa Kinshasa kwa siku kadhaa baada ya kumhoji kiongozi wa M23 wa wakati huo, Jean-Marie Runiga. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, mawimbi ya redio ya Ufaransa, RFI, yalizimwa, na hayakurudi hadi Agosti 2019. Januari 2025 baraza la habari, CSAC, liliisimamisha Al Jazeera kwa siku 90 baada ya mahojiano na Bertrand Bisimwa wa M23, na mwezi huohuo waziri wa sheria aliwatishia adhabu ya kifo wanaosambaza habari za waasi. Upande wa pili wa mstari wa vita hakuna uhuru zaidi: tangu M23 waingie Bukavu katikati ya Februari 2025, redio ya mji huo inazungumza ikijua nani analinda mlango. Kwa hiyo tazama mahali studio ilipo, na usikilize pia kile ambacho haikukitaja wiki nzima.

Hata chombo cha karibu na mtawala hakisalimiki. Agosti 2021 gazeti la Uhuru la Tanzania, mali ya chama tawala CCM, liliweka ukurasa wa mbele kichwa kinachosema Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea 2025. Chama kikasema hakusema hivyo, na serikali ikaisimamisha leseni ya gazeti kwa siku 14. Kichwa cha habari mara nyingi si kazi ya aliyeandika habari yenyewe. Soma angalau aya tatu kabla hujakibeba kwenda nacho kijiweni.

Upo mstari ambao ukivukwa, jambo linaacha kuwa upendeleo. Agosti 1998, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, alitoa hotuba dhidi ya Watutsi ambazo zilimfanya hakimu wa Ubelgiji atoe hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilibatilisha hati hiyo tarehe 14 Februari 2002 kwa sababu ya kinga aliyokuwa nayo kama waziri wa mambo ya nje. Haikusema hotuba hizo zilikuwa sawa. Nchini Rwanda, redio ya RTLM ilikwenda mbali zaidi, na wahusika wake wakahukumiwa na mahakama ya kimataifa huko Arusha Desemba 2003. Dalili ni mbili na hazihitaji mwanasheria: kundi zima la watu linaitwa wadudu, nyoka au ugonjwa, na msikilizaji anaambiwa la kufanya. Ukizisikia pamoja, usijadili na usisambaze. Hifadhi sauti, tarehe na jina la kituo.

Simu iliyo mkononi

Sauti za WhatsApp zinapanda Bibokoboko na kushuka haraka kuliko redio, na nyingi zinarekodiwa na ndugu walio ughaibuni ambao hawajakanyaga Fizi kwa miaka. Uchungu wao ni wa kweli, lakini uchungu si ushahidi wa kilichotokea asubuhi. Sauti isiyotaja siku, kijiji na jina la msemaji ihesabu kuwa maoni.

Picha itazame kabla ya maelezo yake. Milima ya Fizi unaijua: je, hii ni yake? Nyumba ni za nyasi au za mabati kama zilivyo kijijini hapo? Sare ni za jeshi lipi? Ukiwa na bando, ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google uone kama iliwahi kutokea mwaka mwingine, nchi nyingine. Wakaguzi wa habari kama Congo Check hufanya kazi hiyo na kuchapisha majibu. Huna bando? Pigia watu wawili, mmoja wa ufukoni na mmoja wa mlimani. Wakikubaliana kwamba jambo limetokea na wakatofautiana kuhusu sababu, umeshapata mengi kuliko taarifa nyingi zilivyo nayo.

Redio ya jamii ikifungua simu kwa wasikilizaji, piga. Usimuulize mtangazaji nani ana makosa Bibokoboko. Muulize taarifa imetoka kwa nani, mtu huyo alikuwa wapi, tukio ni la siku gani, na upande wa pili ulipigiwa simu saa ngapi. Kama haukupigiwa, mwombe aupigie kabla ya taarifa ya jioni.